Kujitambua na Kunywa Kistaarabu: Uhakiki wa Kiswahili cha Hojaji za Unywaji wa Pombe miongoni mwa Wanafunzi wa Vyuo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Kiswahili kinachotumika katika hojaji zinazodai kupima mambo mawili kwa pamoja: utambulisho binafsi wa mwanafunzi wa chuo na unywaji wake wa pombe kwa kuwajibika. Hoja ya msingi ni kwamba maneno yanayochaguliwa kutafsiri dhana hizo mbili, hasa utambulisho, kujitambua, kuwajibika na kistaarabu, yana ujirani wa maana katika Kiswahili ambao hauko katika lugha zilikotoka hojaji hizo. Kwa hiyo, uhusiano wa kitakwimu unaopatikana kati ya vipimo hivyo viwili unaweza kuwa umekwisha kutengenezwa na lugha kabla mwanafunzi hajashika kalamu. Makala yanachunguza pia tatizo la kipimo cha kinywaji kimoja katika mazingira ya chupa, mfuko na mtungi wa pamoja, na yanapendekeza namna ya kuzikagua upya data zilizokwisha kukusanywa.

Utangulizi

Hojaji iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza au Kifaransa ni mgeni wa kawaida katika vyuo vyetu. Mtafiti wa saikolojia, elimu au afya ya jamii huchukua kipimo kilichoundwa kwingine, hukifasiri, hukipeleka darasani, hukusanya alama na kuziingiza katika programu ya takwimu. Katika safari hiyo yote, hatua inayopewa nafasi finyu kuliko zote ni ya tafsiri. Tasnifu yenye kurasa ishirini juu ya mbinu za kuteua sampuli mara nyingi huwa na sentensi moja tu juu ya lugha: kwamba hojaji ilitafsiriwa kwa Kiswahili na mtaalamu. Mtaalamu huyo alichagua neno gani, kwa sababu gani, na aliacha lipi? Msomaji haambiwi.

Jambo hili lingekuwa la wanaisimu peke yao kama alama hizo zingebaki katika majedwali. Hazibaki huko. Kipimo cha AUDIT cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ndicho mashuhuri zaidi katika uwanja huu, kina maswali kumi na alama kuanzia 0 hadi 40, na alama 8 kwa kawaida huchukuliwa kuwa mwanzo wa unywaji wa hatari au wenye madhara. Mwanafunzi akipata 8 anaweza kuitwa na mshauri wa wanafunzi. Akipata 7 haitwi. Matokeo ya vipimo vya namna hii huingia pia katika mijadala ya sera, kama ile iliyofuata sera ya kitaifa iliyotangazwa nchini Kenya mwaka 2025 na kupendekeza umri wa kuruhusiwa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Pale ambapo alama moja inaweza kumhamisha kijana kutoka kundi moja hadi jingine, mhakiki wa lugha ana haki ya kuuliza alama hiyo imetokana na nini.

Ni vyema kukumbuka kwamba AUDIT haikuletwa Afrika Mashariki kama kitu kigeni kabisa. Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi sita zilizoshiriki katika utafiti wa kuiunda, pamoja na Australia, Bulgaria, Marekani, Meksiko na Norwei, na matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1993. Lakini waliohojiwa katika utafiti huo walikuwa watu waliofika katika vituo vya afya ya msingi. Kijana wa mwaka wa pili anayejaza karatasi mbele ya mhadhiri atakayemsahihishia mtihani yuko katika hali nyingine.

Utambulisho: neno la kusimama na kujieleza

Kwa upande wa utambulisho, nadharia inayotajwa zaidi ni ya Erik Erikson, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1968 juu ya ujana aliueleza ujana kuwa ni kipindi cha mgogoro wa mtu kujua yeye ni nani. James Marcia, katika makala yake ya mwaka 1966, alikuwa amekwisha kuligeuza wazo hilo la Erikson kuwa kitu kinachoweza kupimwa, akipanga hali nne: utambulisho uliotawanyika, uliofungwa mapema, ulio katika kusaka, na uliofikiwa. Yafaa kusisitiza kwamba Marcia alitumia mahojiano na wanafunzi wa kiume wa chuo nchini Marekani. Aliwasikiliza wakieleza. Hojaji za kuweka alama ya vema zilikuja baadaye, na kwa sehemu kubwa hizo ndizo zilizotufikia.

Dhana ya Erikson katika Kiswahili cha kitaaluma imepewa neno utambulisho. Tulitazame neno hili kwa jicho la sarufi. Mzizi ni -tambu-, kama katika tambua. Kwa kuongezwa kiambishi cha usababishi tunapata tambulisha, yaani kumfanya mtu au kitu kitambuliwe na wengine. Utambulisho basi ni nomino ya tendo linaloelekea nje. Katika mikutano, arusi na ibada tunasimama mmoja mmoja kufanya utambulisho: jina, ubini, nyumbani ni wapi, shughuli ni ipi. Mtafiti mwenyewe, kabla ya kuingia uwandani, hubeba barua ya utambulisho. Mwanafunzi ana kitambulisho mfukoni. Ukiongeza neno binafsi, ambalo masikioni mwa wengi lina maana ya kisicho cha umma, kama katika shule binafsi au mali binafsi, kauli "utambulisho wangu binafsi ni muhimu kwangu" inaweza kusomwa kwa urahisi kuwa ni swali juu ya nyaraka na taarifa za siri za mtu.

Wafasiri waangalifu wameiona hatari hiyo na kukimbilia kirejeshi -ji-. Badala ya utambulisho wanaandika kujitambua. Kwa mtazamo wa kwanza hilo ni suluhisho zuri, kwa sababu tendo sasa linamrudia mtendaji. Kwa bahati mbaya, hapa ndipo penye mtego mkubwa zaidi, na sijaona ukitajwa.

Kujitambua katika Kiswahili cha leo si neno lisilo na upande. Kijana anayejitambua ni kijana mwenye msimamo, anayejua alikotoka na kilichompeleka chuoni, asiyefuata mkumbo, asiyepoteza pesa za ada kwa starehe. "Jitambue!" ni karipio la mzazi, la shangazi na la mwalimu wa nidhamu. Neno linasifu tabia njema, na katika orodha ya tabia njema, kutolewa na pombe kumo tayari. Kuna zaidi. Kusema kwamba mtu amelewa hadi hajitambui ni usemi wa kawaida kabisa: pombe imemwondolea fahamu. Kwa hiyo neno lilelile lililochaguliwa kutaja utambulisho wa nafsi ndilo Kiswahili hulikanusha kinapotaka kueleza ulevi wa kupindukia. Mtafiti anayempa mwanafunzi kauli "Mimi ni mtu ninayejitambua" katika ukurasa wa kwanza, na kauli juu ya kulewa katika ukurasa wa tatu, amemuuliza jambo moja mara mbili. Kisha anashangaa, au anafurahi, kukuta majibu yanawiana.

Kinywaji kimoja ni kiasi gani?

Swali la pili la AUDIT huuliza mtu hunywa vinywaji vingapi katika siku ya kawaida ya kunywa. La tatu huuliza ni mara ngapi amekunywa sita au zaidi kwa kikao kimoja. Kila kitu hapa kinategemea neno kinywaji, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unalikadiria kuwa na gramu 10 za alikoholi halisi. Marekani hutumia gramu 14, Uingereza gramu 8. Hizi ni tofauti kubwa hata kati ya nchi ambako bia hupimwa kwa vyombo vinavyofanana kila baa.

Sasa tuchukue chupa ya bia ya mililita 500 yenye alikoholi ya asilimia 5, ambayo ndiyo chupa inayofahamika Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Ina mililita 25 za alikoholi, yaani takriban gramu 20. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, chupa hiyo ni vinywaji viwili. Mwanafunzi, hata hivyo, ameshika chupa moja, na kwake hicho ni kinywaji kimoja. Tuseme anakunywa mara tatu kwa mwezi, kila mara chupa tatu. Akijibu kwa kuhesabu chupa, anapata alama 2 kwa swali la kwanza, 1 kwa la pili, na 0 kwa la tatu, kwa sababu hajawahi kufika "sita". Jumla ni 3. Mtafiti akimbadilishia chupa kuwa vinywaji sanifu, mwanafunzi huyohuyo anapata 2, 2 na 2. Jumla ni 6. Katika ufupisho wa kipimo hiki unaotumia maswali matatu ya kwanza peke yake, mpaka wa hatari kwa wanaume kwa kawaida huwekwa kwenye 4. Kijana wetu yuko chini ya mpaka na juu ya mpaka kwa wakati mmoja, na hakuna tone hata moja lililoongezeka kooni mwake.

Hali ya pombe kali ni mbaya zaidi. Mfuko wa plastiki wa mililita 100 wenye pombe ya asilimia 40 una zaidi ya gramu 30, yaani vinywaji sanifu vitatu katika kitu ambacho mnunuzi hukiita "kimoja". Watunga sheria walilielewa jambo hili mapema kuliko watunga hojaji. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata kwa marufuku ya mifuko midogo ya pombe kali mwaka 2019. Katika hatua zote mbili kilicholengwa ni chombo. Serikali zilijua kwamba ukubwa, bei na wepesi wa kukificha ndivyo vilivyokuwa vikiwanywesha vijana. Hojaji zinaendelea kuuliza "vinywaji vingapi" kana kwamba chombo hakina habari.

Halafu kuna mtungi. Katika sehemu nyingi za Burundi na Rwanda pombe ya ndizi na ya mtama hunywewa kwa mrija, ambao Warundi huuita umuheha, na mara nyingi chombo kimoja hupita kwa watu kadhaa. Kwa Wateso wa Uganda na Kenya, pombe ya ulezi hukaa katika mtungi katikati, wanywaji wakiuzunguka kwa mirija mirefu, na maji ya moto huongezwa kadiri kikao kinavyoendelea. Nani anaweza kusema amekunywa "vingapi"? Kiasi cha pombe katika mtungi kinapungua nguvu kila birika linapomiminwa. Anayevuta sana hatofautiki kwa macho na anayevuta kidogo. Na swali lenyewe, likiulizwa pale, lingekuwa utovu wa adabu. Si kwamba watu hawa hawana kipimo. Wanacho: wanajua nani amekaa muda mrefu mno, nani amekuja bila kuchangia, nani ameanza kusema asiyopaswa kusema. Hicho ni kipimo cha mwenendo mbele ya wenzio, na hakigeuki kuwa gramu.

Ningeonya hapa dhidi ya jibu rahisi ambalo wengi wetu katika makongamano hulipenda, la kusema kwamba Mwafrika hunywa kijamii na Mzungu hunywa peke yake, hivyo vipimo vyao havituhusu. Mwanafunzi wa Makerere au wa Lubumbashi anayenunua chupa ndogo ya pombe kali na kuinywa chumbani kabla ya kwenda kucheza muziki, kwa sababu baa ni ghali, hanywi kijamii. Mtungi upo, chupa ipo, na kijana huyohuyo huweza kuwa kwenye mtungi wa babu yake Desemba na kwenye chupa chuoni Februari. Hojaji inayomtaka ataje "siku ya kawaida ya kunywa" inamtaka achanganye maisha mawili na kutoa wastani.

Wakati nao una matatizo yake, ingawa ni madogo zaidi. Majibu ya AUDIT yamepangwa kwa mwezi, wiki na siku. Pesa ya mwanafunzi haifuati kalenda hiyo. Tanzania ina neno bumu kwa fedha za kujikimu zinazotoka katika mkopo wa elimu ya juu, na kila aliyeishi bwenini anajua kwamba wiki ya bumu na wiki ya kula mihogo mikavu ni wiki za watu wawili tofauti. Wastani wa mwezi huzificha zote mbili.

Pombe, bia, na mtu anayekunywa

Hata neno pombe lenyewe halitulii. Tanzania utamsikia mtu akisema kwa unyofu kamili kwamba yeye hanywi pombe, anakunywa bia tu. Pombe kwake ni ya kienyeji. Nchini Kenya neno hilohilo huelekea kufunika vileo vyote, na kwa Mrundi au Mnyarwanda anayejaza hojaji kwa Kiswahili, nyuma ya neno pombe husimama neno la lugha yake, inzoga, ambalo limebeba posa, upatanisho na kumpokea mgeni. Kitenzi kunywa kikiachwa bila yambwa, kama katika "siku hizi anakunywa", hakimaanishi maji wala chai. Ni taarifa, na mara nyingi ni mashtaka.

Wafasiri wa vipimo vya utambulisho wa unywaji, vinavyotaka kujua kama mtu anajiona kuwa mnywaji, hukutana na kikwazo cha mofolojia ambacho Kiingereza hakina. Kiambishi -aji huonyesha mazoea: msomaji, msemaji, mwindaji. Mnywaji si mtu aliyekunywa. Ni mtu ambaye kunywa ni desturi yake. Mlevi ni mbaya zaidi, kwa kuwa ni hukumu. Mwanafunzi anayekunywa mara mbili kwa muhula hana nomino katika Kiswahili. Ana kitenzi tu: huwa ninakunywa kidogo. Akilazimishwa kuchagua kati ya "mimi ni mnywaji" na "mimi si mnywaji" atachagua la pili, na mtafiti ataandika kwamba utambulisho wake wa unywaji ni dhaifu, wakati kilicho dhaifu ni orodha ya maneno aliyopewa.

Kwa kiasi, kwa kuwajibika, kistaarabu

Kwa dhana ya unywaji unaowajibika mfasiri ana njia tatu zilizokanyagwa. Anaweza kusema kunywa kwa kiasi. Kiasi ni neno lenye historia ya kidini; ndilo linalohitimisha orodha ya matunda ya Roho katika tafsiri ya Biblia ya Kiswahili inayosomwa zaidi, na kwa msomaji Mkristo linagusa kujizuia kuliko kuhesabu. Anaweza kusema kunywa kwa kuwajibika. Lakini kuwajibika, katika lugha ya siasa na ya magazeti yetu, kumepata maana ya kubeba lawama: waziri anatakiwa awajibike, yaani ajiuzulu. Kunywa kwa kuwajibika kunaweza kueleweka kuwa ni kunywa huku ukiwa tayari kulipia utakachovunja. Au anaweza kusema kunywa kistaarabu.

Hii ya tatu ndiyo iliyoshinda mitaani, kwa sababu ndiyo iliyotumiwa katika matangazo ya bia nchini Tanzania, ikiambatana na onyo la umri wa miaka 18. Ushindi huo unastahili kuchunguzwa. Neno ustaarabu, kwa asili yake ya Kiarabu, linahusu kufuata mwenendo wa Waarabu. Katika pwani ya Waswahili likawa jina la adabu ya mjini, ya mtu asiye mshenzi. Kunywa kistaarabu basi ni suala la namna unavyoonekana unapokunywa: umekaa wapi, umevaa nini, unaongea kwa sauti gani, bia yako imemiminwa katika glasi au la. Mtu anaweza kunywa chupa nane kistaarabu. Anaweza pia kunywa glasi moja ya gongo kishenzi, kwa sababu gongo yenyewe, kwa macho ya jiji, ni ya washenzi. Kwa kampuni ya bia, tafsiri hii haina hasara: haiombi mtu anywe kidogo. Mtafiti anayeichukua na kuiweka katika hojaji amechukua kaulimbiu ya muuzaji kuwa kipimo cha afya ya mnunuzi, na pia ameweka tabaka la kijamii mahali pa kiasi cha pombe.

Mwanafunzi asiyekunywa kabisa hana mahali katika tafsiri zote tatu. Mwislamu wa Zanzibar au Ujiji, Msabato wa Kisii, au msichana aliyeacha baada ya kuona yaliyompata kaka yake, wote wanapata sifuri katika unywaji, na katika kipimo cha kunywa kwa kuwajibika ama wanaachwa nje ya sampuli au wanajibu kauli zisizowahusu. Hata hivyo, swali la saba la AUDIT, juu ya kujisikia hatia au majuto baada ya kunywa, linaweza kumwongezea alama kijana wa familia ya dini aliyeonja mara chache tu, huku mwenzake anayekunywa sana bila kusumbuliwa na dhamiri akiandika "kamwe". Katika swali hilo, utambulisho wa kidini wenye nguvu unapandisha alama za unywaji wenye madhara. Katika maswali mengine unazishusha. Jumla inayopatikana ni mchanganyiko ambao hakuna mtu anayeweza kuusoma.

Nakubali kabisa

Rensis Likert alichapisha mwaka 1932 mbinu ya kupima mielekeo kwa ngazi za kukubali na kutokubali. Kwa Kiswahili ngazi hizo zimekuwa: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Kitenzi kukubali kina kazi nyingi. Tunakubali hoja, tunakubali mchumba, na tunakubali kosa. Mtu akiletewa karatasi yenye muhuri wa chuo inayosema "Nimewahi kukosa kipindi kwa sababu ya pombe", na chini yake neno nakubali, lugha ya baraza la nidhamu ndiyo inayosikika. Anakiri au anakana? Tungetarajia ukanushaji, na tungetarajia uwe mkubwa zaidi kwa wale wanaojali sana jina lao. Nao ndio haohao watakaoandika "nakubali kabisa" kwenye kauli za kujitambua, kujiheshimu na kuwa na malengo.

Hapa mambo yote niliyoyataja yanakutana. Upande mmoja wa hojaji una maneno ya sifa: kujitambua, msimamo, heshima, malengo. Upande wa pili una maneno ya aibu, au ya kuepuka aibu: mlevi, kuwajibika, kistaarabu. Pande zote mbili zinampima mhojiwa kwa uwezo wake wa kusema lipasalo mbele ya mkubwa. Mtafiti akipata uhusiano chanya wenye nguvu kati ya pande hizo na kuandika kwamba utambulisho imara unamkinga mwanafunzi dhidi ya unywaji mbaya, amepima kitu kimoja kwa majina mawili. Huenda dai lake ni kweli. Data zake hazina uwezo wa kutuambia.

Inafaa kumleta Kazimoto katika kongamano la Kiswahili, maana anajulikana kwetu kuliko mwanafunzi yeyote wa Marcia. Mhusika mkuu wa Kichwamaji (1974) cha Euphrase Kezilahabi ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao na kukuta kwamba kwao hakupo tena kwa namna aliyoijua, na mwisho wake anajiua. Katika jedwali la hali nne angewekwa wapi? Amesaka, amefikiri, amefikia hitimisho. Kwa vigezo vya kusaka na kujifunga na uamuzi, huenda angepata alama za juu. Kinyume chake, Zakaria wa Rosa Mistika (1971), mlevi na baba mkali, anajua barabara yeye ni nani. Utambulisho wake haujatikisika hata siku moja, na ndio huo unaowaangamiza wanawe. Riwaya hizi mbili zinatuachia uwezekano ambao hojaji haina nafasi nao: kwamba mtu anaweza kujitambua sawasawa na bado akaangamia, na mwingine akawa na utambulisho thabiti na akanywa kwa sababu ya uthabiti huo.

Baada ya tafsiri rejeshi

Utetezi unaotolewa kwa kawaida ni kwamba hojaji ilipitia tafsiri rejeshi, utaratibu ambao Richard Brislin aliueleza mwaka 1970: mmoja anafasiri kuja Kiswahili, mwingine asiyeijua nakala ya awali anafasiri kurudi, na nakala mbili zinalinganishwa. Utaratibu huu unakamata makosa ya wazi. Haukamati yale niliyoyajadili hapa, kwa sababu wafasiri wote wawili wamesoma vyuo vilevile na kamusi zilezile. Wa kwanza anaandika utambulisho, wa pili anarudisha neno lilelile la Kiingereza, na kila mtu anaridhika. Ulinganifu wa nakala unathibitisha makubaliano ya wasomi wawili. Mhojiwa hakuwamo.

Kwa upande wa pombe kazi si ngumu, inahitaji subira tu. Muulize mwanafunzi juu ya mara ya mwisho alipokunywa: alikunywa nini, katika chombo gani, walikuwa wangapi, nani alilipa, vyombo vingapi vilikwisha. Mwonyeshe picha za chupa, mifuko na vikombe vya eneo lake. Kubadilisha kuwa gramu ni kazi ya mtafiti, si ya mhojiwa. Penye mtungi, andika ukubwa wa mtungi na idadi ya mirija, na ukubali kwamba kwa kikao hicho hutapata gramu za mtu mmoja. Kwa upande wa utambulisho ningerudi kwa Marcia mwenyewe, yaani kwenye mahojiano, nikianza na swali ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili kuanzia Bukavu hadi Lamu analielewa: wewe ni mtu wa namna gani, na nani angekubishia?

Lakini kuna jambo linaloweza kufanywa hata kabla ya hojaji mpya kuandikwa. Data nyingi zimekwisha kukusanywa na zimo katika tarakilishi za watafiti. Kila mmoja aondoe katika jedwali lake kauli zote zenye kujitambua, kujiheshimu, kistaarabu na kuwajibika, abakize zile zinazotaja matendo na idadi, kisha akokotoe upya uhusiano aliouchapisha. Kama utabaki, tutakuwa na la kujadili katika kongamano lijalo. Kama utatoweka, barua za mapendekezo zilizokwisha kupelekwa kwa wakuu wa wanafunzi zitahitaji kufuatwa na barua nyingine.